Kujitenga na Watu kwa Ajili ya Dini

Katika darsa yetu iliulizwa mas-ala hii: je, yafaa mtu kuchukua ahali yake akakae nao mbali na watu, ili aihifadhi dini yao? Baadhi yetu walijibu upesi kwamba yafaa, tena ni fadhila. Sisi twapenda kwanza kuitazama khabari ya watu waliolifanya jambo hilo kweli, ijapokuwa si wa dini yetu.

Katika Urusi wako Wakristo walioyakataa mageuzi ya kanisa lao tangu karne ya 17, wakateswa kwa hilo. Mmoja wao, Karp Lykov, nduguye aliuawa kwa risasi na askari wa serikali ya Kikomunisti mwaka 1936. Akamchukua mkewe Akulina, watoto wawili na mbegu kidogo, akaingia katika misitu ya baridi ya Siberia. Watoto wengine wawili walizaliwa huko huko. Wataalamu wa madini waliwakuta mwaka 1978, zaidi ya kilomita 200 kutoka makazi ya watu.

Kukimbia kwake hatukulaumu. Mwenye kukimbia risasi haulizwi. Swali letu ni la ile miaka 42 iliyofuata. Sufuria zilipoliwa na kutu, walitumia vyombo vya magome ya miti, navyo haviwezi kutelekwa motoni. Chumvi hawakuwa nayo kabisa. Mwaka 1961 theluji ilianguka mwezi wa Juni ikaua mazao; Akulina akawaachia watoto chakula, akafa kwa njaa. Kisha ikaota punje moja tu ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano. Wakailinda na panya usiku na mchana, ikazaa punje 18, na kwa hizo wakaanza kulima upya.

Twaistaajabia subira hiyo, na si insafu kuidharau. Lakini subira ya mtu mzima ni mali yake. Mtoto ni amana. Baba ana haki ya kujinyima chumvi. Je, ana haki ya kumnyima asiyepata kuionja, hata hajui kama amenyimwa? Na chumvi ni jambo dogo: msituni mle hapakuwa na wa kuoa wala wa kuolewa naye.

Wenye kutetea husema hiyo ndiyo hijra. Hatuoni hivyo. Mtume (S.A.W.) aliihama Makka, lakini alihamia kwa watu, Madina walikuwako wenyeji waliompokea, na huko akaunga udugu baina yao na wageni.

Yako ya kutupinga, nayo ni mazito. Mwaka 1981, miaka mitatu tu baada ya kukutana na watu, watoto watatu katika wale wanne walikufa kwa maradhi. Karp naye akafa mwaka 1988, na binti mdogo, Agafia, akakataa kwenda kukaa na jamaa zake. Basi amechagua mwenyewe, tutaambiwa. Huenda. Lakini aliyeoneshwa mlango mmoja tangu kuzaliwa, huchagua kwa namna gani? Na hata yeye hakuishi bila ya watu: vyakula aliletewa, na mwaka 2021 alijengewa nyumba mpya pale pale, kwa mali na mikono ya wale wale ambao baba yake aliwakimbia.