Jirani yetu aliye chini ya mto



Tunapouliza jirani yetu ni nani, mara nyingi tunamtazama yule wa nyumba ya pili. Leo tumfikirie jirani tusiyemwona: yule anayechota maji chini ya mto, baada ya sisi kuyatumia.

Mwaka 1858 uchafu wa vyoo vya London uliishia katika mto Thames. Joto lilipozidi, harufu iliingia hata Bungeni, maana Bunge liko ukingoni mwa mto. Maskini walikuwa wamekufa kwa kipindupindu kwa miaka mingi, lakini sheria na fedha zilipatikana haraka wakubwa walipoziba pua. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, na kazi yake iliokoa watu wengi. Hata hivyo, mifereji hiyo haikusafisha uchafu, iliuhamisha tu. Ulimwagwa mtoni mashariki ya mji, huko Beckton na Crossness. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa ikazama karibu na hapo. Watu zaidi ya 600 walikufa, na maji waliyoangukia yalikuwa yamejaa maji taka.

Je, kuondoa uchafu mlangoni petu ni kuusafisha? Hapana. Kusafisha ni kazi. Maji taka hutulizwa ili mazito yazame, kisha hupulizwa hewa ili vijidudu vile uchafu uliobaki, ndipo yarudishwe mtoni. Kazi hiyo isipofanyika, vijidudu huula uchafu ndani ya mto wenyewe na kumaliza hewa wanayoitegemea samaki. Mwaka 1957 wataalamu walisema Thames katika London imekufa. Mitambo ya kusafisha maji ilipoboreshwa, samaki walirudi polepole.

Wengine watasema: hayo ni ya miji yenye fedha. Sisi ni wakimbizi, ardhi si yetu, na kesho hatujui tutakuwa wapi. Lakini tusome Ezekieli 34. Mungu anawakemea wanyama wa kundi wanaokunywa maji safi, kisha wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Hawaulizi kama malisho ni mali yao. Anawauliza habari ya wenzao wanaokunywa nyuma yao. Nasi tunajua vizuri kunywa maji yaliyovurugwa na wengine: wenye nguvu waligombana, sisi tukafunga mizigo tukakimbia pamoja na watoto.

Basi tusichimbe choo karibu na kijito. Tusifue vitambaa vya watoto juu ya mahali wenyeji wanapochota. Maji ya sabuni tuyaelekeze shimoni. Mama anayechota kule chini hajui majina yetu wala kabila letu, lakini watoto wake watakunywa tulichomwachia.

Bwana atusaidie kumpenda hata yeye. Amina.