Mwili Nao ni Amana

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Mwezi uliopita halmashauri ya kanisa ilitupa kazi ambayo hatukuiomba. Binti mmoja wa hapa kwetu Soweto aliandika barua kuomba ukumbi wa kanisa, siku moja kwa juma, apate kuwafundisha watu yoga. Barua iliposomwa kikaoni watu walinyamaza kwanza, kisha wakasema wote kwa mara moja. Mmoja alisema hiyo ni ibada ya Kihindu. Mwingine akasema ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi. Wa tatu aliuliza kama ukumbi utalipiwa. Mwishowe Padre akasema kwamba kwa kuwa sisi tu walimu wa zamani, tena tuliofundisha chuo cha ualimu, tulichunguze jambo hili na kuleta jibu. Tumeleta jibu, na sasa tunaliandika hapa ili kila mshiriki alisome mwenyewe, kwa maana huko sokoni habari imekwisha kuvaa nguo nyingine.

Yatupasa kukiri kwamba jibu letu lilikuwa tayari kabla ya kuchunguza. Lilikuwa "hapana". Tulikuwa tumekwisha kutafuta na aya za kuliegemeza.

Ndipo binti mwenyewe alipokuja nyumbani. Alitusalimu shikamoo, akaketi, akanywa chai. Huyu ni mtoto wa marehemu mwalimu mwenzetu, ambaye wengi mnamkumbuka. Tulianza kazi naye katika miaka iliyofuata 1977, wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto walipojaa madarasani na walimu hawakutosha. Alikuwa mtu wa kazi. Alipostaafu hakupumzika, akaenda kufundisha shule ya binafsi kwa sababu ya ada za watoto na nyumba isiyokwisha. Alikuwa na presha. Vidonge alikuwa navyo, lakini alivimeza siku alizokumbuka, na siku alizojisikia vizuri aliviacha. Mwaka jana alianguka akiwa njiani kwenda kazini, na siku ya tatu akafariki.

Kwenye maziko sisi ndio tuliosoma wasifu wake. Tulisema kwamba katika miaka yake yote hakukosa kipindi hata kimoja, hata alipokuwa mgonjwa. Tulisema alijitoa mpaka mwisho. Watu wakaitikia kwa kichwa.

Binti akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu, "Mwalimu, siku ile mlimsifu baba kwa jambo lililomwua."

Hatukuwa na la kumjibu. Usiku ule tulisoma habari za Eliya, nabii aliyekimbia mbele ya Yezebeli. Tumeihubiri sura hii mara nyingi, na kila mara tulikimbilia ile sauti ndogo ya mlimani Horebu, tukapita chini ya mretemu bila kusimama. Lakini tazameni kilichotokea pale chini ya mti. Nabii amechoka mpaka anaomba kufa. Huyu ni mtu aliyeshinda siku chache tu zilizopita juu ya Karmeli! Je, Mungu alimkemea kwa kukosa imani, au alimpa kazi nyingine mara moja? La. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi, chakula, maji, na kuguswa kwa mkono. Neno la Mungu lilikuja baadaye, kwa mtu aliyekwisha kulala na kula.

Sisi tuliofundisha walimu tulilisahau somo hili kabisa. Chuoni tulimfundisha mwanachuo kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana kwa vifuniko vya chupa na makaratasi, kusimama mbele ya darasa bila kulipa mgongo. Katika mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa na kalamu, tukahesabu makosa yake. Hatukumwuliza hata siku moja kama amelala. Kipindi cha michezo tulikikata kila mtihani ulipokaribia. Tena Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967, aliilaumu elimu iliyokuza kichwa na kuidharau kazi ya mikono. Tuliukariri waraka ule, tukawashikisha wanachuo majembe, na bado mwili wa mwalimu tuliuona kuwa ni chombo cha kubebea kichwa chake kwenda darasani.

Kwa hiyo tulimwuliza yule binti alivyojifunza kufundisha, kwa kuwa hilo angalau twaweza kulipima. Yeye alisomea Nairobi. Huko kuna shirika lijulikanalo kwa jina la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007 na Mmarekani Paige Elenson, ambalo limewafundisha vijana wa mitaa ya kimaskini, kama Kibera, kuwa walimu wa yoga, nao wakaenda kufundisha mashuleni, magerezani na katika vikundi vya watu waishio na virusi vya UKIMWI. Tulikuwa tukidhani ni mambo ya mahoteli tu. Kumbe kuna vijana wa Kibera wanaopata riziki yao kwa kuwafundisha wenzao kunyosha mgongo na kutuliza mawazo.

Mafunzo ya kawaida ya mwalimu wa yoga, kwa kipimo kinachofuatwa katika nchi nyingi, ni saa 200. Mtatusamehe, sisi wa miaka miwili ya chuo tuliziona chache. Lakini ndani ya saa hizo kuna mambo tuliyoyaonea wivu. Mwanafunzi hufundishwa mifupa na misuli, ajue goti hukunjwa wapi na uti wa mgongo hauvumilii nini. Hufundishwa kumtazama mtu anapoingia mlangoni, aone kama anachechemea, kama ana mimba, kama ameshika kiuno, ili asimpe zoezi la kumwumiza. Tena kabla ya kumfundisha mtu yeyote hutakiwa alifanye zoezi lile mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka alijue kwa mwili wake. Hilo la mwisho lilitunyamazisha. Ni wangapi kati yetu tumewahubiria watu habari ya pumziko, nasi hatujawahi kupumzika?

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi mlipokwazwa. Yoga ilianza India, kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, nayo ilikua ndani ya dini za huko. Hatutawaficha. Maandishi ya kale ya Patanjali yanahusu zaidi kutuliza mawazo kuliko kukunja viungo. Mazoezi ya viungo yanayofundishwa duniani siku hizi yalipata sura yake kwa sehemu kubwa katika karne ya 20, kwa walimu kama Krishnamacharya wa Mysore na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar, aliyezaliwa 1918 akiwa mtoto dhaifu wa maradhi, akaishi mpaka 2014. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na shina lake maana yake ni kuunganisha, kufunga pamoja, kama wafungwavyo ng'ombe wa kulimia. Yaani ni nira! Wale wenye ndugu Mbozi na Usangu hawana haja ya kuelezwa nira. Twajua kwamba nira iliyochongwa vibaya humchubua ng'ombe shingo, na mkulima mwenye akili huitengeneza upya kabla ya kumpiga mnyama kwa uvivu. Bwana wetu katika Mathayo 11 aliwaita waliochoka na kulemewa, akawapa nira iliyo laini. Hatusemi kwamba nira ile na yoga ya Wahindi ni kitu kimoja, hasha. Twasema tu kwamba neno lililotutisha si geni kwetu kama tulivyodhani.

Wala si sisi wa kwanza kubishana. Mwaka 1989 Kanisa Katoliki, kwa barua iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, liliwaonya waumini juu ya kuchanganya sala na njia za Mashariki. Barua ile haikukataa kwamba mkao wa mwili waweza kumsaidia mtu kusali; ilionya kwamba mtu aweza kuanza kuuabudu mwili, na kuudhania utulivu wa mishipa kuwa ni Roho Mtakatifu. Onyo hilo ni la haki nasi tunalipokea. Na huko Taunton, Uingereza, mwaka 2007, makanisa mawili, moja likiwa la Kianglikana, yalikataa kumpa ukumbi mwalimu wa yoga ya watoto. Kwa hiyo wazee wetu waliokataa wana wenzao, wala wasichekwe.

Lakini tulimkumbuka Mtakatifu Paulo na nyama ya sokoni. Wakorintho waliulizana kama nyama iliyouzwa pale ilitoka mbele ya sanamu. Paulo, katika 1 Wakorintho 10, aliwaruhusu wanunue na kula bila kuuliza-uliza, kwa kuwa dunia yote ni ya Bwana. Lakini mtu akisema wazi kwamba hii ni sadaka ya sanamu, waiache kwa ajili ya dhamiri ya huyo asemaye. Huo ndio mpaka tuliouona. Kunyosha mgongo si mali ya Wahindu, kama vile kupiga magoti si mali yetu Waanglikana. Kupumua ni kipawa alichopewa Adamu kabla hakujawa na dini yoyote ya kugombewa. Hata Kiswahili chetu chajua: pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Mtu asiyepata nafasi ya kuvuta pumzi hajapumzika, hata akilala kitandani usiku kucha akihesabu kikokotoo.

Wengine walituletea aya ya Timotheo, kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo tu. Ni kweli, na utauwa wafaa zaidi. Lakini tuliosahihisha mitihani miaka 35 twajua kwamba aliyepata alama kidogo hakupata sifuri.

Basi halmashauri imekubali, na haya ndiyo masharti. Mazoezi yatakuwa ya viungo na ya pumzi. Hakutakuwa na nyimbo wala maneno ya Kisanskriti yenye kuitia miungu. Binti mwenyewe alisema hakuwa na nia hiyo. Milango itakuwa wazi, na mzee yeyote aweza kuingia na kutazama. Hayatafanyika Jumapili. Hakuna atakayeambiwa kwamba yoga inaponya presha au kisukari. Kupumua polepole hupunguza mapigo ya moyo, na mazoezi ya namna hii yamesaidia kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, lakini kidonge ni kidonge. Atakayeacha dawa kwa sababu ya mkeka atakuwa amerudia kosa lile lile tulilozika mwaka jana. Mwalimu atapewa mchango wa nauli na kidogo cha matumizi, kwa kuwa mtenda kazi astahili ujira wake. Hapo palikuwa na maneno kuliko yale ya Uhindu.

Mzee mmoja wa kanisa alisema dhamiri yake bado inakataa, na kwamba hatakuja. Tulimshukuru kwa kusema mbele yetu. Warumi 14 inatukataza kumdharau, nayo inamkataza kutuhukumu, na Jumapili iliyofuata tulipiga magoti naye kwenye reli moja ya madhabahu. Tukaona jinsi alivyoshika reli kwa mikono miwili ili kuinuka. Magoti yetu nayo yalilia. Hatukusema kitu.

Tumekwisha kuhudhuria mara mbili. Walikuja akina mama saba wa Umoja, vijana watatu wauza viazi pale sokoni ambao migongo yao imepinda kwa magunia, na sisi. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijatoka sakafuni. Binti alitulaza chali kwenye mikeka, akatuambia tuvute pumzi, tuitoe polepole kuliko tulivyoivuta. Tukangoja kuambiwa la kufuata. Hakukuwa na la kufuata. Dakika kama tano hivi tulilala pale tukiwa na miaka yetu yote, na tulimkumbuka mwenzetu, tukamwomba Mungu atusamehe kwa ule wasifu.

Mazoezi ni kila Alhamisi, saa kumi alasiri, ukumbini. Kila mtu alete mkeka au kitenge chake, na asile chakula kizito kabla ya kuja. Muuguzi wa hapa kanisani atakuwepo na kipimo cha presha kuanzia saa tisa na nusu, bila malipo. Walimu wastaafu tunawaomba mje mapema, na mje na vidonge vyenu, tuone vimebaki vingapi.