Ganda la Mafuta

Kisa hiki huwa nawasimulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunapofika kwenye maumbo ya virusi, kabla hawajafunga madaftari.

Kijana mmoja wa Ngumbo alirudi likizo kutoka chuo kikuu, akamkuta mjomba wake amenunua nyama ya nguruwe iliyoletwa kwa boti kutoka upande wa Kyela, kwa bei ya kutupa. Mjomba alikuwa na nguruwe jike mmoja na watoto wake saba; hao ndio waliokuwa ada ya binti yake katika chuo cha uuguzi. Mkewe alichuna ngozi na vipande vya mafuta, akataka kuvichanganya na pumba, kisha akasita. Alikuwa amesikia habari za homa ya nguruwe.

“Mpwa wangu, msomi ni wewe. Tuwape, tusiwape?”

“Wapeni tu, mjomba. Virusi vyenye ganda la mafuta ni dhaifu. Nyama hii imetiwa chumvi, imepigwa jua siku mbili. Vimeshakufa.”

Hakubuni. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa virusi vya mafua au UVIKO-19 kanuni hiyo inatufaa: sabuni huyeyusha ganda, kirusi kikaharibika. Lakini kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao Montgomery aliuelezea Kenya mwaka 1921, kimejengwa kwa tabaka. Ndani kabisa kuna DNA yenye herufi 170,000 hadi 190,000 hivi. Kirusi cha korona kina kama 30,000 tu, tena za RNA. DNA hiyo imefunikwa na utando, juu yake gamba gumu lililopangwa kwa maelfu ya nakala za protini iitwayo p72, na nje kabisa ndipo lilipo ganda la mafuta ambalo kijana alilikariri. Ganda hilo likichunika, chembe inayobaki bado huambukiza. Katika nyama mbichi, hata iliyotiwa chumvi, kirusi huweza kukaa miezi. Moto ndio ungewasaidia: makombo yachemshwe nusu saa, yakikorogwa.

Jeni ya p72 ndiyo hutumika kuzitambua koo za kirusi hiki. Mlipuko wa Kyela wa mwaka 2010 ulikuwa wa aina ya pili, ileile iliyovuka bahari kutoka kusini-mashariki mwa Afrika hadi Georgia mwaka 2007, na kufika China 2018. Ngozi kidogo ndani ya boti ni njia ya kutosha kabisa.

Siku ya nane baada ya kulishwa ngozi na mafuta hayo, yule jike alikataa pumba. Masikio yake yalianza kuwa mekundu, yakageuka zambarau kama ua la mgomba. Akajilaza kwenye tope, watoto wakinyonya ziwa lisilotoa kitu. Mwilini kirusi kilikuwa kimeingia kwenye makrofaji, seli zilezile zinazopaswa kukimeza na kukimaliza. Haikupita wiki mbili, banda likawa tupu.

Kijana alichimba shimo mlimani, mbali na maji. Mjomba hakumlaumu. Alisimama ukingoni akimtazama mpaka jasho likaloanisha shati lote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Na hao wa jirani, tukawaambie leo?”

Kijana aliweka jembe chini, akatangulia njia.