Aliyeshika Nauli Hakuja Darasani

Tuseme ni Morogoro, maana kisa lazima kiwe na mahali. Mama mjane ana wana wawili. Mkubwa anauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya Msamvu, naye ndiye anayelisha nyumba. Mdogo alikuwa akisomea umeme chuo cha ufundi. Akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, akaacha chuo, akaacha kuoga, akaziba dirisha la chumba chake kwa blanketi. Wakaenda kwa mganga, wakaenda kwenye maombi, mwisho wakafika hospitali. Daktari akasema ni skizofrenia. Kijana akatibiwa, akarudi nyumbani na kadi yenye tarehe ya sindano ya kila mwezi.

Hospitalini palikuwa na darasa la familia kila Alhamisi. Muuguzi alimwambia mama aje na wenzake wa nyumbani, naye akaja peke yake. Kaka mtu alikuwa dukani. Kwetu mgonjwa huwa wa mama: ndiye wa kukaa benchi, ndiye wa kutunza kadi. Basi yote yaliyofundishwa yakaingia masikioni mwa mtu ambaye nyumbani kwake hana kauli.

Na yalikuwa ya maana. Kwamba kulala sana na kukosa ari ni sehemu ya ugonjwa, si uvivu. Kwamba mgonjwa aambiwe jambo moja kwa wakati, kwa maneno machache na sauti ya kawaida. Kwamba akianza kukosa usingizi au kujitenga, asisubiriwe mpaka avunje vyombo.

Somo la sauti ya kawaida lina historia yake. Mwaka 1972 mtafiti George Brown na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 101 wa skizofrenia waliotoka hospitali. Waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, chuki, au ndugu anayemkalia mgonjwa kooni kwa wasiwasi, asilimia 58 walirudia kuugua ndani ya miezi tisa. Waliorudi kwenye nyumba tulivu, asilimia 16. Hii haina maana kwamba familia ndiyo inayoleta ugonjwa. Kuna wakati wataalamu wa Marekani na Ulaya waliwatwisha akina mama lawama hiyo, na wengi waliumizwa bure. Nyumba haileti skizofrenia, ila inaweza kuichokoza.

Kaka mtu hakuwa mkatili. Alilipa kitanda, akalipa chakula, akafunga duka siku mbili nzima kumtafuta mdogo wake alipopotea. Lakini anayelipa huona ana haki ya kusema. Akirudi jioni na kumkuta amejilaza, alianza: "Mpaka saa hizi umelala? Wenzako wana familia!" Mama akijaribu kueleza alichosikia Alhamisi, aliambiwa, "Mama, hao wanakupotezea muda."

Kilichomkera zaidi ni dawa. Mdogo wake alikuwa anatembea kama aliyepigwa ganzi, mikono ikimtetemeka, mate yakimtoka kwenye pembe ya mdomo. Alimwona akishindwa kufunga kifungo cha shati mbele ya wageni. Nani angefurahi? Akaamua dawa ndiyo inayommaliza mdogo wake. Mwezi huo nauli ya kliniki haikutoka.

Hapa ndipo penye mtego, na wengi wenye nia njema hunasia hapa. Sindano ile hukaa mwilini na kuisha taratibu, wiki baada ya wiki. Katika kuisha kwake, ukakamavu na mitetemo vinaweza kupungua kabla ugonjwa haujarudi. Kijana akachangamka. Akafunga vifungo vyake mwenyewe, akacheka, siku moja akaenda dukani kumsaidia kaka yake kupanga plagi na cheni. Kaka akawaambia majirani, "Mnaona? Alikuwa anaumwa dawa." Mama akanyamaza, maana macho yake nayo yalikuwa yanaona hivyo hivyo. Ushahidi wa uongo ukija na sura ya mwanao anayecheka, utaukataaje?

Mwezi wa tatu bila sindano, blanketi likarudi dirishani. Akaizima redio kwa sababu ilikuwa inamtaja jina. Usiku alitembea uani mpaka alfajiri, na kaka akamfokea kwamba anawanyima watu usingizi. Wiki hiyo hiyo alitoka na panga akiwawinda watu ambao ni yeye tu aliyewasikia. Hakumjeruhi mtu, ni bahati tu. Vijana wa mtaa wakamfunga kamba za katani, na aliyekaza fundo la mikono ni kaka yake, akilia. Alipofikishwa wodini, kamba zilikuwa zimekula ngozi mpaka nyama.

Lakini si lazima iwe hivyo: darasa la kuiga lipo hapa hapa nchini. Utafiti uliopewa jina Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, uliwakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja, familia kadhaa katika kundi moja. Ningeongeza sharti moja tu: aitwe mwenye kauli ndani ya nyumba, apigiwe simu, na kama duka halimruhusu Alhamisi, darasa lihamie Jumapili. Kumfundisha mama peke yake halafu kumrudisha kwa mtu anayeamua bila kujua ni kumwongezea mzigo.

Muuguzi wa kisa chetu alilielewa hilo. Safari hii hakutuma salamu kwa mama, alimpigia kaka mwenyewe: "Tunaomba aje yule anayetoa nauli." Akaja, akakaa nyuma karibu na mlango, simu mkononi. Kipindi kilipokaribia kwisha akauliza, "Sasa sista, akisema redio inamtaja, nimjibu nini? Nimkatalie?"

"Usibishane naye, wala usimkubalie. Mwambie wewe huisikii ikimtaja, ila unaona ana hofu. Halafu muulize kama amelala."

Akatafakari kidogo. "Na ile mikono kutetemeka, na mate?"

"Hayo mngekuja kutuambia. Tungeangalia kipimo cha sindano, na mitetemo ina kidonge chake."