Sanduku la Bibi na Hazina ya Kanisa



Mtu atokaye Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902 likitazama bandari ya Dar es Salaam, akishika njia ya mitaa ya Posta, huwakuta wauza vitabu vya zamani wametandaza bidhaa yao kando ya barabara. Jumapili moja nasi tulisimama hapo. Kati ya vitabu vya hesabu na vya sheria palikuwa na kitabu cha sala kisicho na jalada. Katika ukurasa wa mwanzo, mkono usiozoea kalamu ulikuwa umeandika majina ya watoto saba, siku walizozaliwa na siku walizobatizwa. Na kando ya majina mawili palichorwa msalaba mdogo. Hatukuhitaji kuuliza maana ya misalaba ile. Bei ya kitabu haikufika nauli ya daladala.

Hatumlaumu muuzaji, maana yeye atafuta riziki ya halali. Lakini tulijiuliza: ni nani aliyekitoa kitabu kile nyumbani? Bila shaka ni mtu wa ukoo huo huo, aliyefagia chumba cha marehemu na kuona makaratasi tu.

Hebu tutazame jinsi Kanisa lenyewe lilivyovitunza vitabu vyake. Katika Maktaba ya Vatikano, iliyowekwa rasmi na Papa Sisto wa Nne mwaka 1475, imo Biblia ya Kigiriki iitwayo Codex Vaticanus, iliyoandikwa juu ya ngozi katika karne ya nne. Wino wake ulififia kwa miaka mingi. Basi akatokea mtu, karne nyingi baadaye, akaketi na kalamu yake, akazipitia tena herufi zilizofifia, moja baada ya moja, ukurasa baada ya ukurasa. Jina lake halijulikani. Hakutunga neno lolote. Alikataa tu kwamba neno lililoandikwa lipotee katika zamu yake.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Roma peke yake. Mwaka 1879 alifika Unguja Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alikaa Unguja na Bagamoyo hadi mwaka 1898, akikusanya maneno ya Kiswahili kutoka vinywani mwa watu, na mimea ya nchi pamoja na majina yake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, naye akiwa mzee wa miaka 83. Ndani yake ameonyesha neno lipi ni la Unguja, lipi la Mrima, lipi la Mvita na lipi la Amu. Maneno mengi ya mababu zetu, ambayo leo hayasikiki tena hata sokoni Kariakoo, yamehifadhiwa humo. Miaka 40 na zaidi ilipita tangu alipoondoka pwani yetu hadi kamusi ile ilipotoka, naye hakuyatupa maandishi yake.

Tena jirani zetu Waislamu wametupa mfano mwema. Huko Lamu, katika Msikiti wa Riyadha, miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono imetunzwa kizazi hata kizazi, na katika miaka yetu hii imepigwa picha ili isipotee.

Lakini kitabu kilicho karibu nasi kuliko vyote ni buku la ubatizo la parokia. Humo kila mtu ana mstari wake, tajiri na maskini kwa urefu ule ule. Na siku ya ndoa yake, habari huongezwa pale pale. Misioni ya Bagamoyo iliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, waliokuwa wameuzwa kama mizigo. Mfanyabiashara aliwahesabu kwa vichwa. Kanisa huwaita watu wake kwa majina. Hiyo ndiyo maana ya kuandika.

Huenda mtu akasema: Je, Bwana wetu hakutukataza kuweka hazina mahali penye nondo na kutu? Naam, alitukataza kuitumainia mali. Bali yeye mwenyewe alipoingia sinagogi la Nazareti alipewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua, akasoma. Kama watu wa Nazareti wasingalikitunza, wangalimpa nini mikononi? Naye Mtakatifu Paulo, akiwa kifungoni na kifo kikimkaribia, alimwomba Timoteo amletee joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kitabu si hazina kwa sababu ya bei yake; ni hazina kwa sababu ya ushuhuda kinaoubeba.

Basi, wazazi wapenzi, wiki hii fungueni sanduku la bibi. Humo mtakuta pengine cheti cha ubatizo, kitabu cha nyimbo, au barua ya babu katekista. Msiviweke sakafuni wala kuviegemeza ukutani, maana mchwa hawalali, na hewa ya pwani yetu ina unyevu na chumvi. Vifuteni vumbi, vifungeni katika kitambaa safi kikavu, viwekeni juu. Kisha waiteni watoto, mwaonyeshe majina, mwaambie huyu alikuwa nani na yule alikuwa nani. Kwa kuwa kitabu kilichofungiwa bila kusomwa nacho kimekwisha kufa. Na kama nyumba haina nafasi, mpelekeeni padre wenu kabla ya kumwita muuza karanga.

Kile kitabu cha sala tulikinunua. Sasa kipo mezani petu, kimefungwa kitambaa cheupe. Msomaji ambaye nyumbani kwao walizaliwa watoto saba, na wawili wakatangulia mbele ya haki, na aje atutajie majina yao. Kinamngoja mwenyewe.