Jasho la Hiari na Jasho la Lazima

Je, jasho lina tabaka? Swali hili laweza kuonekana la kipuuzi kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha baiskeli kutoka Muthaiga hadi Banana. Lakini kwetu sisi tunaoijua Barabara ya Limuru kwa misuli ya mapaja, si swali la mchezo. Jumamosi asubuhi, kwenye mwinuko uleule, utakutana na watu wa baiskeli wa aina mbili. Wa kwanza amevaa nguo za kubana, helmeti kichwani, na baiskeli yake ni nyepesi kama kiti cha plastiki. Wa pili amevaa gambuti na koti kuukuu, anasukuma Black Mamba iliyobeba mitungi mitatu ya maji. Wote wanahema. Wote migongo imelowa. Sasa niambie, msomaji mwenzangu: watu hawa wawili wanafanya jambo moja?

Kabla ya kujibu, hebu tuitazame nchi yenyewe, maana falsafa isiyojua inasimama wapi ni porojo tu. Msitu wa Karura uko kaskazini mwa Nairobi, hekta 1,041 hivi, umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda. Ardhi ya upande huo ni migongo na mabonde. Mito inateremka kutoka nyanda za juu za Limuru kuelekea kusini mashariki, na kila mto umejichimbia bonde lake. Kwa hiyo mwenye baiskeli ana njia mbili. Akifuata mgongo, kama inavyofanya barabara ukishapita Ruaka, atapanda polepole bila kupumzika hadi Banana na Tigoni kwenye mashamba ya chai, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Akiikata migongo, atateremka kwa raha kubwa, halafu deni la raha hiyo atalilipa ng'ambo ya mto. Ndani ya msitu mambo ni hayohayo, ila huko kuna udongo mwekundu badala ya lami, kivuli badala ya moshi, na mbega badala ya matatu.

Mimi nimepanda vilima hivi kwa namna zote mbili. Nilipomaliza kidato cha nne nilisambaza mikate kwa baiskeli mwaka mzima. Siku hizi nina baiskeli ya mtumba yenye gia, na nikipata nafasi napanda bila kutumwa na mtu. Kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Rafiki yangu mmoja anasema tofauti ni mzigo, basi. Tuipime hoja yake kwa fizikia ya shuleni. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 10 anainua kilo 80. Mtu yuleyule akiwa na Black Mamba ya kilo 20 na mitungi mitatu ya lita 20, yaani kilo 60 za maji, anainua kilo 150. Karibu mara mbili, na hana gia ya kumsaidia. Hoja nzuri, lakini haitoshi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Maumivu aliyoyapata kwenye milima ya Ufaransa huenda yakamshinda mchota maji yeyote wa Ruaka. Mbona basi hatumhurumii? Mbona tunampigia makofi? Ni dhahiri kwamba maumivu peke yake hayatupi jibu.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja. Nilimkuta amesimamisha baiskeli yake ya maji kando ya lami, jiwe nyuma ya gurudumu. Nikashuka, nikamsalimu.

"Mzee wangu, kilima hiki hakikuchoshi?"

"Kinachosha, kijana yangu. Kwa nini kisichoshe?"

"Na ukichoka kabisa?"

Akaniangalia kama mtu anayejiuliza kama mwenzake ana akili timamu.

"Nifanye nini? Niyamwage?"

Maneno mawili, na falsafa yote iko humo. Mimi nikichoka nageuza usukani. Mteremko unanibeba hadi nyumbani, nakunywa chai, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Yeye akigeuka, kuna nyumba italala bila maji na mfuko wake utalala bila shilingi. Kilima ni kimoja, ila mmoja wetu amepewa breki na mwingine amenyimwa. Kwa hiyo nasema: kinacholipa jasho heshima ya uhuru ni ile haki ya kurudi. Penye haki hiyo, taabu ni mchezo, ni mazoezi, hata ibada. Pasipo nayo, taabu ni taabu.

Hapa nitabishana kidogo na mkubwa wetu Albert Camus. Mwaka 1942 alichapisha insha kuhusu Sisyphus, yule wa hadithi za Kiyunani aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, akadai kwamba mtu huyo anaweza kuonwa kuwa ana furaha. Naiheshimu insha hiyo. Lakini Sisyphus hakuwa na watoto wa kulisha, wala hakupitwa na lori huku akisukuma. Ni rahisi kumpa furaha mtu ambaye hutamkuta barabarani.

Na sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa huohuo. Tukimwona mchota maji, kalamu inawasha. Tunamfanya shujaa, tunamfanya alama ya bara zima, tunalisifu jasho lake kwa mafumbo, halafu tunaenda zetu. Kumsifu mtu kwa kuvumilia jambo ambalo hakulichagua ni njia ya adabu ya kumwambia aendelee kulivumilia. Mzee yule hakuniomba sifa. Kama kuna kitu angeniomba, ni nafasi ya upana wa mita moja na nusu kando ya lami.

Hapo ndipo swali letu linapoacha kuwa la vitabuni. Msitu wa Karura una uzio na lango, na langoni unalipa. Wapo wanaosema kiingilio ni dhuluma. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu huu viligawiwa wajenzi, na Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti pale. Hata baada ya msitu kuokolewa, watu waliogopa kuingia kwa sababu ya waporaji. Uzio na walinzi ndivyo vilivyoleta amani iliyopo. Msitu lazima utunzwe, na kutunza kuna gharama.

Lakini tazama kinachotokea. Ndani ya lango, anayepanda kwa hiari anapanda salama: hakuna lori, hakuna honi. Nje ya lango, anayepanda kwa lazima anasukumwa mtaroni, maana sehemu kubwa za barabara zetu hazina njia ya baiskeli, na zilizo nazo mara nyingi zimegeuzwa gereji, soko au stendi ya bodaboda. Yaani mwenye haki ya kurudi ndiye aliyelindwa, na asiye nayo ndiye aliyeachwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili hiyo. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Wenye kudai ni nani?

Ndiyo sisi wa nguo za kubana, na sisi wa baiskeli za mtumba zenye gia. Sisemi raha ni dhambi. Mtu apande kilima chake Jumamosi, aimbe akitaka. Lakini sisi tunaojua kwa miili yetu mwinuko ule unafanya nini kwenye kifua, na ambao bado tuna pumzi ya kusema tukifika juu, hatuna udhuru wa kunyamaza. Mchota maji hana nafasi ya kuhudhuria mkutano wa kaunti saa nne asubuhi, kwa kuwa saa hiyo yuko kilimani. Sisi tunayo. Twende, tukadai njia ya baiskeli kutoka Muthaiga hadi Ruaka na kuendelea, ianze kujengwa kwenye miinuko, pale ambapo mtu aliyebeba kilo 60 hulazimika kushuka na kusukuma.