Kumtia Adabu Mtoto Mtukutu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Alinijia mzee mmoja ameshika mkono wa mwanawe wa miaka tisa, akasema: "Maalim, huyu amenishinda. Hutukana, hupiga wenziwe, hutoroka. Mpige upendavyo, nirejezee macho yake tu." Nalimjibu: ruhusa hiyo unipayo, wewe mwenyewe huna.

Maana Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji kuwa walii au mwalimu amtiapo adabu mtoto akaangamia, yampasa dhamana. Na Imamu l-Haramayni amenakili kwa wahakiki neno zito kuliko hilo: ukijua kuwa mtoto hatarudi ila kwa kipigo kikali, basi kikali si halali kwako kwa kuwa chaangamiza, na chepesi pia si halali kwa kuwa hakina faida.

Mzee akanitolea hadithi ya sala. Ndiyo, tumeamrishwa kuwaamuru watoto sala wakiwa wa miaka saba, na kuwapiga kwa kuiacha wafikapo kumi. Lakini sala tano kila siku kwa miaka mitatu ni kuambiwa zaidi ya mara 5,000. Ni nani katika sisi aliyemwambia mwanawe neno jema mara 5,000 kabla ya kushika bakora? Na huyu wako ni wa tisa. Hata katika sala, iliyo nguzo ya dini, fimbo haijamfikia.

Imamu Ghazali katika Ihyaa amefundisha kuwa kosa la kwanza baba ajifanye hakuliona, khasa mtoto mwenyewe akilificha. Akirejea, akanywe kwa siri. Wala asikaripiwe kila saa, kwani sikio huzoea.

Nami nisijitoe katika lawama. Alikuwako chuoni kwangu mtoto ambaye nikimwita haitiki. Nikadhani ni kiburi, nikampiga mara nyingi. Kumbe sikio lake moja lilikuwa likitoka usaha, na tabibu alipolitazama alisema kuwa kwa upande ule hasikii. Nalimwomba radhi mbele ya wenziwe, nikamketisha karibu nami. Tangu siku ile siinui mkono kabla ya kuuliza.

Basi nikamwuliza mzee: utukutu huu ulianza lini? Akainamisha kichwa, akasema: tangu nilipomwacha mamake. Mamake yuko wapi? Mtaa wa pili, hajaolewa. Mtoto humwona? Hapana, nimemkataza.

Nikamwambia: katika madhehebu yetu mtoto aliyekwisha pambanua mambo, wazazi wake wakiwa wote wafaa kumlea, yeye ndiye achaguaye. Mwana mume akimchagua mama, usiku huwa kwa mamake, na mchana huwa kwa babake, amfundishe au ampeleke kwa mwalimu. Na akimchagua baba, haifai kumzuia kumzuru mamake.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza mwanawe mbele yangu. Mtoto alimtaja mamake kwa sauti ndogo.

Siku hizi hulala huko, na asubuhi babake humleta chuoni. Bado huwavua wenziwe kofia, na jana amemwaga wino juu ya mkeka, tukaufua mimi na yeye.